Talaka ya Mpasua Hewa

Mwenye sikio na alisogeze, mwenye usingizi hatumzuii kulala. Habari hii ni ya mwanamke mmoja, Sikudhani, mzaliwa wa uwanda wa Vumbi, aliyekwenda nchi ya Ukunde kumdai mumewe talaka.

Safari yenyewe tuiruke. Ilikuwa na mawe na kiu kama safari nyingine za miguu. Itoshe kusema kwamba alifika asubuhi, vumbi limemjaa hadi kwenye kope, na mtu wa kwanza aliyekutana naye akamwambia, "Karibu." Wa pili naye akasema, "Karibu." Wa tatu alivuka barabara mbio ili asije akaikosa nafasi ya kusema hivyo. Sikudhani akafurahi. Kwao Vumbi mgeni hutazamwa kwanza ana nini mfukoni.

Wakunde ni watu warefu, wembamba, wanaovaa kijani kuanzia shingoni hadi chini. Kazi yao kubwa ni kusimama juani. Usidhani ni uvivu: mwanga wa jua ukiwapata huupika ukawa sukari, na kwa ufundi huo hakuna wa kuwafikia. Kila nyumba ina mitungi ya sukari inayofurika hadi uani. Wana tatizo moja tu, nalo hawapendi litajwe mbele za watu. Mtu hakui kwa sukari peke yake. Ili mwili ujengeke na rangi ikolee inatakiwa rutuba, na rutuba ya nchi yote imo hewani. Inawapiga usoni kutwa kucha, inaingia puani na kutoka, na hakuna Mkunde hata mmoja aliyejaliwa meno ya kuipasua.

Waliojaliwa ni Wavumbi. Mvumbi, mfupi, mwenye kucha chafu, asiye na mtungi wa chochote, anaweza kuketi mahali pasipofikiwa na upepo, akaishika hewa mkononi, akaibangua kama korosho na kutoa rutuba iliyomo. Lakini kazi hiyo inachosha kupita kiasi, haifanyiki kwa tumbo tupu, na upepo ukivuma tu mikono hufa ganzi. Huko Vumbi hakuna cha kula wala pa kujikinga na upepo. Kwa hiyo Mvumbi kwao ana ujuzi usiomlisha, na Mkunde kwake ana chakula kisichomkuza. Mtu mwenye akili za kawaida angesema hapo pana nafasi nzuri ya kuketi na kupatana. Wakunde hawakulipenda neno kupatana, maana lina harufu ya usawa. Wakatunga Sheria ya Ukarimu.

Kwa sheria hiyo, hakuna mtu aliyeajiriwa Ukunde. Wote wamekaribishwa. Anayepasua hewa huitwa mgeni. Sukari anayolishwa huitwa takrima. Rutuba anayoitoa, ambayo nyumba nzima inaishi kwayo, huitwa shukrani. Chumba anachokaa kimebandikwa nyuma ya nyumba kama jipu, hakina dirisha, na ndani kimesiribwa rangi nyekundu inayoutuliza upepo. Hicho ni kinundu cha heshima. Na ule ukuta unaojengwa palipokuwa na mlango, mara tu mgeni anapoingia, huitwa kumbatio.

Rutuba inapowapungukia, Wakunde hufukiza ubani wao madirishani, na harufu yake huteremka hadi Vumbi. Ilimkuta Feruzi, mume wa Sikudhani, yuko juu ya paa anaezeka. Akashuka. Akamwambia mkewe kwamba anakwenda kunusa kidogo, ajue inatokea wapi. Ngazi ilibaki imeegemea ukuta mpaka mchwa wakaila.

Wavumbi nao wana upumbavu wao, na haki ni kuutaja. Kwao mwanamke mwenye mume haruhusiwi kupanda juu ya paa, eti ni kumvunjia mumewe heshima. Mjane anaruhusiwa. Aliyeachwa anaruhusiwa. Mke wa mtu hukaa chini akanyeshewa kwa adabu. Nusu ya nyumba ya Sikudhani haikuwa na paa tangu Feruzi ashuke, na masika yalikuwa yamempitia kichwani zaidi ya mara moja. Hakuja Ukunde kumlilia mtu. Alitaka aambiwe neno moja tu, arudi zake akaezeke.

Akaelekezwa Idara ya Ukarimu. Alimkuta Bwana Mbaazi, mkuu wa idara, amesimama mlangoni, uso ameuelekeza kwenye jua.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba, mama. Karibu sana. Umekaribishwa na nani?"

"Sijakaribishwa. Namtafuta mume wangu, Feruzi wa Vumbi. Nataka anipe talaka."

Bwana Mbaazi akamtazama kwa upole wa mtu anayemsahihisha mtoto. "Mgeni hatafutwi, mama. Ukisema unamtafuta ni kama unasema tumemficha."

"Basi anakaa wapi?"

"Pale alipokaribishwa."

"Anaweza kutoka?"

"Wakati wowote! Hatuna sheria hata moja inayomzuia mgeni kutoka. Tafuta nchi nzima, hutaiona."

"Na ule ukuta?"

"Ukuta si sheria, mama. Ukuta ni ukuta."

Sikudhani akauliza, ikiwa hawezi kumwona, basi anaweza angalau kumsikia akitamka hilo neno? Hapo Bwana Mbaazi alikuna kidevu. Jambo hilo, alisema, lina utata. Pumzi anayovuta mgeni ndani ya kinundu ni ya mwenyeji. Na neno ni pumzi iliyopambwa tu. Kwa hiyo talaka yoyote itakayotamkwa mle ndani kisheria itakuwa imetolewa na mwenyeji. Pengine mwenyeji hataki kumwacha mtu ambaye hakumwoa. Ingefaa yeye na mwenyeji wakalizungumze wenyewe. Wingu lilikuwa limeondoka, jua limekuwa zuri, na Bwana Mbaazi hakutaka kulipoteza; akamwonyesha kwa kidole nyumba ya mwenyeji, Bi Choroko, akafumba macho.

Bi Choroko alikuwa mama mwema. Hilo tuseme wazi, maana Sikudhani alikuja akitarajia kumchukia na haikuwa rahisi. Alimletea maji ya kunawa kwa mikono yake mwenyewe, akampa mkeka, na aliposikia habari ya paa machozi yakamlengalenga.

"Pole, mwanangu. Pole sana. Na mgeni wangu hajawahi kunitajia hata siku moja! Mtu mtaratibu yule. Tangu aingie sijamsikia akilalamika."

"Unamsikiaje, Bi Choroko?"

"Simsikii. Ukuta mnene. Ndiyo nasema, sijamsikia akilalamika."

Akamchukua uani, mpaka nyuma ya nyumba, kilipokuwa kinundu. Kilikuwa kimefura kama tumbo la mtu aliyeshiba. Mrija mwembamba wa udongo ulitoka jikoni ukaingia humo, nao ulikuwa ndio njia ya sukari. Sikudhani akaweka mdomo ukutani, akaita kwa nguvu zake zote, "Feruzi!"

"Naam!" wakaitikia.

Aliruka nyuma. Zilikuwa sauti nyingi, kama darasa linalomwitikia mwalimu, na kila moja ilikuwa sauti ya mumewe.

"Ah," Bi Choroko akacheka, "wamegawanyika. Si mnajua? Mvumbi akishiba hugawanyika."

Vumbi walikuwa wakijua, kwa maana kwamba vikongwe walihadithia: mtu wetu akishiba sawasawa hupasuka kati akawa wawili, wote wazima, jina lile lile, kovu lile lile, kumbukumbu zile zile. Ila hakuna aliyewahi kumwona mtu aliyeshiba kiasi hicho, kwa hiyo ilihesabiwa kuwa hadithi ya kubembelezea watoto.

Sikudhani akarudi ukutani. "Feruzi, ni mimi, Sikudhani. Nataka talaka yangu!"

 Ukasikika mnong'ono, kisha ubishi, kisha kitu kama meza kugongwa. Hatimaye sauti moja ikajibu kwa heshima, "Tunalijadili."

Basi akangoja. Bi Choroko alimwachia mkeka, na kila asubuhi Sikudhani alikwenda ukutani kuuliza, na kila asubuhi walikuwa bado wanalijadili. Siku moja waliomba maelezo zaidi kuhusu paa. Siku nyingine waliuliza kama ile sukari waliyokuwa wakimtumia nyumbani ilifika. Aliwaambia haikufika hata punje. Wakashangaa sana, maana kila mmoja alikuwa na hakika kwamba mwenzake ndiye anayetuma.

Mambo yakiwa hivyo, nchi ikapata neema. Kutoka nchi za mbali iliingia shehena ya magunia, zawadi ya marafiki, na ndani ya magunia mlikuwa na chenga nyeupe. Zilikuwa rutuba tupu, ambayo mtu huinyunyiza miguuni mwake akanawiri bila kumlisha mgeni yeyote. Baraza la Mashina likaitishwa mchana huo huo, na kwa kuwa Baraza hukutana hadharani, kwenye jua, Sikudhani akafuatana na Bi Choroko kwenda kusikiliza.

Aliyesema kwanza alikuwa Mheshimiwa Dengu, mtu wa kiwiliwili kinene na sauti ya kupendeza.

"Ndugu zangu," alisema, "tumekuwa wakarimu mno. Vizazi kwa vizazi tumewalisha watu wa Vumbi, tumewajengea, tumewakumbatia. Ukarimu umetuchosha. Leo tumepata uwezo wa kusimama kwa miguu yetu wenyewe, kwa magunia haya tuliyopewa."

Wakapiga makofi. Mzee mmoja, Mheshimiwa Njegere, aliyekuwa amejikunja kwa uzee, akainua mkono. "Na magunia yakiisha?"

"Gunia likiisha," Mheshimiwa Dengu akamjibu, "ni kwa sababu limetumika, na kutumika ndiyo kazi ya gunia."

Makofi yakawa makubwa zaidi, na Mheshimiwa Njegere akaketi, akionekana kujutia swali.

Likabaki la wageni. Mtu mmoja alipendekeza wafukuzwe, akazomewa karibu apigwe. Kumfukuza mgeni ni unyama, na adhabu yake katika Ukunde ni kung'olewa. Baraza likatafuta njia ya kistaarabu. Likaamua kwamba mirija ya sukari izibwe, na ile hewa kidogo inayoruhusiwa kupenya vinunduni izuiwe, ili mgeni atambue mwenyewe, kwa hiari yake, kwamba muda wa kuaga umefika.

"Ataagaje na yuko ndani ya ukuta?" Sikudhani aliuliza kwa sauti. Hakujua kama ana ruhusa ya kuuliza.

Mheshimiwa Dengu hakukasirika. Alisema hilo ni suala zuri, la ujenzi, na litapelekwa kwenye kamati ya ujenzi. Jirani aliyesimama karibu akamnong'oneza Sikudhani kwamba kamati hiyo haijawahi kukutana, kwa kuwa haijajengewa ukumbi.

Jioni Bi Choroko aliziba mrija kwa donge la udongo, akilia. "Sheria ni sheria, mwanangu," alisema. "Na majirani wana macho." Kisha akakaa kungojea gunia lake. Magunia yaligawiwa kwa unene wa shina. Waheshimiwa walipata ya kwanza, ndugu zao wakapata yaliyofuata, na ilipofika zamu ya mtaa wa Bi Choroko, aliletewa gunia tupu pamoja na maneno ya pongezi, kwamba lafaa sana kufutia miguu. Aliliweka mlangoni. Hakulalamika, ila baada ya siku chache ncha za mavazi yake zilianza kugeuka manjano.

Sasa tumwangalie Sikudhani alivyokaa pale uani, mgongo wake ameuegemeza kwenye kinundu. Alikuwa mtu wa hesabu za kawaida, na hesabu hii ilijileta yenyewe. Alikuja kutafuta talaka ili aruhusiwe kupanda paa. Lakini mjane naye anaruhusiwa. Feruzi akifa mle ndani, hakuna mjadala tena, hakuna kikao, hakuna mtu wa kubembelezwa. Na hakutakiwa kufanya lolote. Alitakiwa kukaa tu pale pale alipokaa, jambo ambalo katika nchi ile lilikuwa halali kabisa, na la kistaarabu.

Akakaa. Asubuhi ya kwanza alipoita, "Feruzi!" waliitikia wengi. Kila asubuhi iliyofuata sauti zilipungua, na zilizosalia zilikuwa na mkwaruzo. Hakuna aliyesema wanalijadili. Hatimaye mmoja aliuliza, "Sikudhani, kuna upepo huko nje?"

"Upo."

"Unatoka upande gani?"

Mwanamume aliyeshuka paani kwa ajili ya harufu alikuwa anamuuliza upepo unatoka upande gani, kama walivyokuwa wakiulizana zamani kabla ya kuanika mtama.  Sikudhani alisimama, akafunga kanga yake kiunoni, akatoka uani akiwa amejikasirikia, maana aliona wazi kwamba njia rahisi imempita na hatairudia.

Alikwenda kwa Bwana Fiwi.

Bwana Fiwi alikuwa Mkaguzi wa Wekundu. Kazi yake, katika siku nzuri, ilikuwa kupita nyumba hadi nyumba na panga, kuchanja kinundu na kuchungulia. Akikuta ndani ni kwekundu huandika hewani kwa kidole alama ya kuridhika, yaani mgeni ana shukrani. Akikuta kweupe au kijani hutikisa kichwa, yaani mgeni hana shukrani, anyimwe chakula. Tangu magunia yafike hakuna aliyemwita. Sikudhani alimkuta barazani kwake ananoa panga lililokwisha kunoleka.

"Shikamoo, Bwana Mkaguzi. Watu wanasema siku hizi huna kazi."

"Watu gani?" Akaacha kunoa. "Kazi ninayo. Haitokei mtu kuniita, basi."

"Kumbe sheria inasema mpaka uitwe?"

Bwana Fiwi akafikiri. Ilionekana kwamba hakuwahi kuliangalia jambo hilo kwa upande huo. "Sheria inasema nikague," alisema polepole.

"Mimi mgeni, sijui mambo yenu. Ila pale kwa Bi Choroko pana ubishi mkubwa. Wengine wanasema ndani bado ni kwekundu. Wengine wanasema kumeshakuwa kijani. Na wapo wanaosema hata akija Mkaguzi mwenyewe, kwa macho yake ya siku hizi, hatatofautisha."

Bwana Fiwi alikuwa amekwisha simama.

Bi Choroko alipoona panga linainuliwa alipiga yowe. "Ukuta wangu! Bwana Fiwi, kubomoa ni kosa!"

"Nani anabomoa, bibi? Nakagua." Akalishusha panga kwa hamu ya siku zote alizokaa bure. Alichanja kutoka juu hadi chini, na kwa kuwa ni mtu makini, akachanja tena pembeni ili aone vizuri. Kipande cha ukuta kikaanguka. Bwana Fiwi akaingiza kichwa, akakitoa, uso wake uking'aa.

"Kijani," akatangaza. "Kinundu hakifai." Akapangusa panga kwenye jani, akaenda zake. Huenda hakukuwa na mtu mwenye furaha kumshinda katika Ukunde nzima siku ile, na hakugeuka nyuma kutazama waliokuwa wakitambaa kutoka ndani.

Walitoka wakikohoa. Upepo uliwachoma, wakaziba nyuso kwa viganja. Wengine walikuwa wamevimba kwa shibe ya zamani na wamelegea kwa njaa ya sasa, vyote kwa pamoja, kitu ambacho Sikudhani hakujua kinawezekana. Kila mmoja alikuwa na kovu la Feruzi juu ya nyusi. Akawapa maji mmoja mmoja. Bi Choroko alisimama kando akilia kwa dhati, akisema kwamba hakutarajia wageni wake wangeondoka bila hata kuaga.

Walipopata nguvu ya kukaa, Sikudhani aliwakabili. "Haya. Mmelijadili vya kutosha. Nani ananipa talaka?"

Akaanza mmoja, "Mimi siwezi kukuacha, mke wangu, nakupenda."

"Unampenda nini," akasema wa pili, "wewe ulimsahau tangu bakuli la kwanza. Mimi ndiye niliyekuwa nikimtaja."

"Mume halali ni mimi," akasema wa tatu. "Nyie mmetokana na mimi."

Hapo ndipo fujo ilipozuka. Kila mmoja alitaka kuthibitisha kwamba yeye ndiye aliyeingia kupitia mlangoni, na wengine ni wa kugawanyika. Baadaye, kwa kuwa ni watu waliokaa muda mrefu Ukunde, wakapata busara ya kuchagua mwenyekiti. Mwenyekiti akafungua kikao kwa kumshukuru Bi Choroko kwa ukarimu wake.

Mmoja hakushiriki. Alikuwa amekaa pembeni, mwembamba kuliko wenzake, anatazama mikono yake. Sikudhani akaenda kuchuchumaa mbele yake.

"Na wewe huna la kusema?"

"Ninalo," alisema. "Ila si zuri."

"Sema."

"Nilipokuwa naingia nilisikia udongo unakandwa. Nyuma yangu, mlangoni. Nikajua wananizibia. Fundi hakuwa na haraka, Sikudhani. Ningeweza kugeuka nikatoka, hata kukimbia isingehitajika." Akaigeuza mikono yake. "Mbele yangu kulikuwa na bakuli. Sikugeuka."

Sikudhani alimtazama. Ameishi na mtu huyu, amempikia, amemzulia sababu za kila namna mbele ya majirani: alidanganywa, alikamatwa, alipotea njia, harufu ilimlevya. Hii ndiyo ilikuwa sababu pekee ambayo hakuwahi kuizua.

"Basi wewe ndiye mume wangu," alisema.

"Tunapinga!" wakapaza wenzake. Mwenyekiti akagonga ardhi kuomba utulivu.

"Niache," Sikudhani akamwambia yule mwembamba.

"Nimekuacha, Sikudhani," alisema. Alilisema vizuri, bila kulia, kama mtu anayemtua mwenzake mzigo kichwani.

Mwenyekiti alitangaza kwamba tamko hilo limetolewa bila idhini ya kikao na haliwafungi wajumbe. Hakuna aliyemsikiliza. Yule Feruzi alikuwa akitazama pango la kinundu. "Wapo waliobaki ndani," alisema. "Wasioweza kutoka tena. Nitawazika. Na wao ni mimi."

Sikudhani akasema atamsaidia kuwatoa. Akainama akaingia.

Ndani kulikuwa na joto na utulivu. Kuta zilikuwa zimepoteza wekundu, zimekuwa na rangi ya maji ya bwawa. Waliolala walikuwa wamelala kwa upole, wamejipanga kama vijiti. Akamfunika wa kwanza uso kwa kipande cha gunia. Alipokuwa akimwinamia wa pili, akasikia mchirizi.

Ulitoka kwenye mrija. Lile donge la udongo lilikuwa limeondolewa kwa upande wa jikoni, na sukari, nyororo, ya rangi ya asali, ilikuwa ikidondoka ndani ya bakuli lililokuwa kavu. Sikudhani alikuwa hajala chakula cha maana tangu Vumbi. Kusema kweli, alikuwa hajala chakula cha maana tangu azaliwe. Akachovya kidole, akalamba.

Ilikuwa tamu. Alikuwa amejiandaa kukuta ni ya kawaida, ya kudharaulika, kitu cha kumfanya amshangae mtu aliyeacha paa kwa ajili yake. Lakini utamu ulishuka hadi magotini, mikono ikapata moto, na kwa mara ya kwanza maishani akaihisi hewa iliyomzunguka ikiwa na uzito, kama kitu kinachoshikika, kinachoomba kupasuliwa. Akachota kwa kiganja. Akachota tena.

"Karibu, mwanangu," ilisema sauti ya Bi Choroko kutoka kwenye uwazi wa ukuta. Ilikuwa sauti ya upole, na ndani yake mlikuwa na njaa. Manjano yalikuwa yamempanda hadi shingoni. "Karibu sana. Wala usiwe na wasiwasi na majirani, hili ni letu mimi na wewe."

Na nyuma yake, bila haraka, kulikuwa na mtu anakanda udongo.

Sikudhani aliusikia vizuri. Ulikuwa mlio wa kawaida, wa maji na mchanga, wa mtu anayeijua kazi yake. Bakuli lilikuwa limejaa nusu na linaendelea kujaa. Ikapita punje ya muda ambayo hakuja kumsimulia mtu yeyote katika maisha yake, si majirani, si vijana waliomwoa baadaye wakampendeza au wakamchosha. Halafu akambeba yule maiti wa pili begani, akapita naye mbele ya Bi Choroko, na alipofika kwa fundi akalipiga teke karai lake, udongo wote ukamwagika uani.

"Samahani, Bi Choroko," alisema, na alimaanisha.

Akamsaidia yule Feruzi mpaka makaburi yakakamilika, wenzake wakiwa bado wanapiga kura kama waondoke au waombe radhi. Kisha akashika njia ya Vumbi peke yake. Alitema mate kila baada ya hatua chache, akasukutua kwa maji ya kila kijito alichokipita, lakini hadi anaingia kwao utamu ulikuwa bado mdomoni.